Siku Moja Mtoni na Mbwa Wetu: Kutoka Gudele hadi Gondokoro

Tunawasalimu kutoka Gudele, Juba. Salamu ziwafikie ninyi wa Kakuma One mpaka Four, na ndugu zetu wa Kalobeyei. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya maji pamoja nanyi, jerikani mbele jerikani nyuma, hatujawasahau.

Tangu turudi huku mwaka 2019, swali ni lile lile kila simu ikipigwa: "Huko kuna maisha?" Wengine wanaongeza, "Na vita je?" Maswali kama hayo hayajibiki kwa ujumbe mmoja wa simu. Na sisi si watu wa kumwambia mtu rudi au baki. Kila nyumba inajua mzigo wake. Kwa hiyo toleo hili tumeona tuwasimulie tu siku moja na usiku wake, tulipoenda kuvua samaki mtoni na kulala nje na watoto na mbwa wetu wawili. Mwisho wa habari hii kuna tangazo, na huenda linamhusu mmoja wenu. Tafadhali someni mpaka chini.

GUDELE NI WAPI

Gudele iko upande wa magharibi wa Juba. Ukitoka Custom unafuata barabara ya lami, unaiacha Munuki, na ukitazama kushoto kwako unaona mlima Jebel Kujur umesimama peke yake kama mzee aliyekataa kuhama. Wazee wanasema kabla ya mkataba wa amani uliotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, huku kulikuwa na vichaka na nyumba za kuhesabu. Baada ya hapo watu walimiminika: wengine kutoka Khartoum, wengine kutoka Kampala na Arua, wengine kutoka huko kwenu. Kiwanja kikagawanywa, mabati yakapigwa, na leo kuna Gudele One na Gudele Two, zimejaa nyumba mpaka huwezi kujua moja inaishia wapi.

Kwa sababu ya mchanganyiko huo, Kiswahili hapa si kigeni. Ukienda sokoni ukakosa Kiarabu cha Juba, mama wa nyanya atakujibu kwa Kiswahili cha Uganda, na dereva wa raksha atakujibu kwa Kiswahili cha Kakuma kabisa, na mtaanza kuulizana ulikuwa zone gani.

Lakini Gudele pia ni jina ambalo wengi wenu mlilisikia kwa uchungu. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 vita vilianza Juba, na siku zilizofuata watu wengi waliuawa. Ripoti ya tume ya Umoja wa Afrika, iliyotolewa mwaka 2015, iliandika juu ya wanaume wa Kinuer waliofungiwa na kuuawa katika jengo la polisi hapa hapa Gudele. Halafu Julai 2016 bunduki zikalia tena. Na mwaka 2025 wasiwasi ulirudi, wengine wakafunga mizigo yao na kuiweka mlangoni. Hatuyaandiki haya kwa ajili ya kuamsha vidonda. Tunayaandika kwa sababu ukiishi hapa unapita karibu na mahali hapo ukienda kununua mkate, na si haki kuwaandikia habari za samaki kama vile hayakuwepo.

"BAHAR" SIYO BAHARI

Sasa tuje kwenye safari. Watoto wetu wamezaliwa Kakuma, na mto wanaoujua ni Tarach. Na Tarach mnaijua: mwaka mzima ni mchanga, siku moja mvua inanyesha milimani, maji yanakuja kwa kelele kama lori, yanabeba mbuzi na nyumba, kesho yake ni mchanga tena. Kwa hiyo tulipowaambia kwamba Jumamosi tunaenda mtoni, hawakushtuka sana.

Walichoshtuka ni maneno ya jirani yetu. Yeye ni mama mzee, sisi sote humwita haboba, maana yake bibi. Alisikia habari ya safari akauliza, "Mnaenda bahar?" Watoto wakaruka! Bahari! Kumbe Juba ina bahari! Mdogo akaanza kutuuliza kama atamwona papa.

Ilibidi tueleze. Kwa Kiarabu cha huku, mto mkubwa pia huitwa bahar. Na Nile inayopita Juba jina lake ni Bahr el Jebel, yaani mto wa mlima. Kijana wetu wa kidato cha pili akawachorea ramani kwa kijiti: maji yanatoka Ziwa Victoria pale Jinja, yanapita Ziwa Kyoga, yanaanguka Murchison, yanaingia Ziwa Albert, yanavuka mpaka Nimule, yanakuja Juba. Kutoka hapa yanaenda kupotea kwenye mabwawa makubwa ya Sudd kabla ya kutokea tena na kuelekea Malakal, na mwisho Misri. Mdogo akatazama mchoro akasema, "Basi mwishoni ni bahari." Hapo alitushinda.

Maneno mengine nayo ni hivyo hivyo. Samaki ni samak. Lakini ukimuuliza muuzaji kama samaki wapo, na hawapo, atakujibu "mafi," yaani hakuna. Watoto waliolelewa kwa Kiswahili wakisikia hivyo wanafunika midomo kwa kucheka. Tumewazoesha, lakini bado wanacheka.

KUVUKA

Tulikuwa watu saba: sisi wazazi, watoto wanne, na haboba, ambaye alisema hajafika mtoni miaka mingi na kama tunaenda bila yeye tusimsalimie tena. Mbwa walikuwa wawili. Mkubwa ni Askari, mweusi, mzito, hapendi utani. Wa pili ni Chai, jike, ana rangi ya chai ya maziwa. Gudele karibu kila uwanja una mbwa, kwa sababu usiku ni mrefu na wezi hawachoki. Tunajua kuna majirani huko kambini ambao dini yao haiwaruhusu kuguswa na mate ya mbwa, na tunawaheshimu. Hata huku, tulipofika penye mashua, tuliuliza kwanza kama abiria wengine wana shida. Mzee mmoja alisogea mbele, sisi tukakaa nyuma na wanyama wetu, mambo yakaisha bila neno baya.

Mizigo ilikuwa hii: turubai, vyandarua viwili, sufuria, unga wa asida, chumvi, limau, maji ya kunywa yaliyochemshwa jerikani mbili, tochi, kamba za mbwa, na vifaa vya kuvulia. Kutoka Gudele mpaka Konyo Konyo tulikodi pikapu. Mwenye boda-boda alisema angeweza kubeba Askari mbele yake kama gunia, lakini Askari alikataa kwa kumwonyesha meno.

Huko mtoni tulionyesha watoto daraja kwa mbali tu. Liko daraja la zamani la Juba, na sasa liko lingine jipya, Freedom Bridge, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Ujenzi wake ulisimama mara kadhaa kwa sababu ya vita, likafunguliwa Mei 2022. Simu zetu tulizitia mfukoni, maana kupiga picha darajani kunaweza kukuletea maswali ya askari, na siku yako ikaishia hapo.

Mwenye mashua ni kijana aliyesoma Adjumani. Aliposikia tunavyozungumza akasema, "Nyinyi ni watu wa Kakuma. Kiswahili chenu kina vumbi." Tulicheka, naye akatupunguzia nauli kidogo.

GONDOKORO

Tulivuka kwenda upande wa Gondokoro. Jina hili ni kubwa kwenye vitabu vya historia. Katikati ya miaka ya 1800 palikuwa na misheni ya Wakatoliki, halafu pakawa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Februari 1863 Speke na Grant walifika hapa wakitoka kusini, wakakutana na Samuel Baker. Baker huyo huyo alirudi mwaka 1871 kwa niaba ya mtawala wa Misri akapaita Ismailia, lakini jina halikushika. Baadaye, mpaka mwaka 1914, Gondokoro ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Hebu fikirini, ndugu zetu Waganda: hapa palikuwa kwenu!

Leo hakuna ngome wala bendera ya kuona. Kuna mashamba ya mboga ya Wabari, miembe, watoto wanaochunga mbuzi, na ukingo wa mto. Tuliomba ruhusa kwa mzee wa mahali pale, tukamwachia sukari, naye akatuonyesha ufukwe wa mchanga ambapo wavuvi hupumzika. Alitueleza kwamba zamani wakati wa kiangazi mchanga ulikuwa mrefu kuliko uwanja wa mpira, ila miaka hii mto umekuwa ukija juu. Hiyo inaeleweka: Ziwa Victoria lilijaa sana mwaka 2020, na likajaa tena mwaka 2024, na maji yakizidi kule Jinja sisi huku tunayaona.

Neno lake la kwanza kwa watoto lilikuwa kali. Alichora mstari mchangani kwa fimbo, hatua kama kumi kutoka kwenye maji. "Mtoto asivuke huu. Na mbwa wafungeni." Akaeleza kwamba mamba anamtamani mbwa kuliko anavyomtamani mtu. Mbwa anapoinama kunywa, mamba aliyejificha chini anamwona vizuri, na hutoka mara moja. Kwa hiyo Askari na Chai walinyweshwa kwenye beseni siku nzima, mita nyingi kutoka mtoni, na maji yako pale wanayatazama. Chai alilalamika sana.

SAMAKI

Kuvua kwa mshipi hakuhitaji utajiri. Unahitaji uzi wa nailoni, ndoano, chubwi ya risasi au hata nati ya baiskeli, na chambo. Sisi tulichimba minyoo nyumbani chini ya mwembe, tukabeba na matumbo ya kuku. Mvuvi mmoja jirani yetu alitumia kipande cha sabuni ya kufulia. Watoto walidhani anatania, lakini kambale wanaipenda, sijui kwa harufu yake ya mafuta, na yeye ndiye aliyeanza kupata.

Unasimama nyuma, unazungusha chubwi mara mbili tatu juu ya kichwa, unaachia. Ikitua, unavuta uzi mpaka ukaze, unaushika kwenye kidole. Halafu unangoja. Hapo ndipo tuligundua nani kati ya watoto ana subira na nani hana. Mwenye kelele kuliko wote, ambaye hawezi kumaliza sahani bila kuinuka mara tatu, alikaa saa nzima bila kusema neno. Binti yetu mkubwa, mtulivu wa nyumba, alichoka baada ya dakika tano.

Saa sita mchana samaki wamelala na wewe lala. Wakati mzuri ni alfajiri na jioni jua likipoa. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumepata saba. Wanne walikuwa bulti, yaani wale ambao huko kwenu huitwa tilapia au ngege. Wawili walikuwa kambale, hapa huitwa garmut. Wa saba alikuwa samaki mnene, laini, wa kijivu mwenye madoa, na kabla kijana wetu hajamshika mvuvi yule alipiga kelele: "Raad! Raad!" Raad ni radi, neno ni lile lile. Huyo ni kambale wa umeme. Ukimgusa anakupiga shoti mpaka mkono unakufa ganzi. Mvuvi alikata uzi kwa kisu chenye mpini wa mti, akamsukuma majini kwa kasia. Mtoto aliyekuwa akicheka "mafi" asubuhi hakucheka tena Kiarabu.

Samaki mkubwa wa siku hatukumpata sisi. Wavuvi walileta ijil, ndiye sangara wetu, mrefu kama mtoto wa darasa la pili. Sangara anaweza kupita kilo 100. Watu wengi wanamjua kama samaki wa Ziwa Victoria, lakini kule alipelekwa na binadamu miaka ya 1950. Hapa kwenye Nile ni mwenyeji, na Ziwa Turkana pia ni mwenyeji. Mnajua kwa nini? Maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Turkana lilipokuwa limejaa pomoni, maji yake yalifurika kaskazini mpaka yakaungana na maji ya Nile. Kwa hiyo sangara mkavu anayeletwa Kakuma kutoka Kalokol ni ndugu wa damu wa huyu wa Juba. Walitengana zamani, kila mmoja akabaki upande wake, na ukiwaweka mezani huwezi kusema yupi ni yupi.

Tulipara bulti, tukawapaka chumvi na limau, tukawabanika juu ya makaa. Kambale tuliwachemsha na nyanya, tukala na asida. Mbwa walipewa asida na mchuzi, na nyama iliyotolewa miiba. Vichwa na matumbo hatukuwatupia, kwa sababu ndani yake ndoano inaweza kubaki, na mbwa akimeza ndoano huko mbali hakuna daktari wa kumsaidia.

USIKU

Turubai tulilifunga mbali na mto, kwenye mti mmoja. Watoto chini ya vyandarua, mbwa wamefungwa pande mbili. Usiku wa mtoni si kimya kama mnavyofikiri: vyura, wadudu, mashine ya mashua mbali, na taa za Juba ng'ambo zikiwaka na kuzimika kwa jenereta.

Kama saa saba hivi Askari alisimama. Hakubweka. Manyoya ya mgongo yalisimama, akanguruma chini chini akitazama kichakani upande wa kushoto. Halafu Chai naye. Tuliwasha tochi hatukuona kitu, lakini tulisikia: kitu kizito kinavuta pumzi, majani yanakatwa kama mtu anafyeka. Mvuvi mmoja alikuja mbio miguu mitupu akasema kwa sauti ndogo, "Kiboko. Amepanda kula. Msimulike macho. Msiwe kati yake na maji." Tuliwabeba watoto wakiwa usingizini, tukahama nao mpaka karibu na moto wa wavuvi, mbwa tukiwashika midomo. Baada ya muda tulisikia maji yakipokea mwili mkubwa, na kukawa kimya. Asubuhi tuliona njia yake. Ilipita hatua sita tu kutoka turubai letu.

Hakuna aliyelala tena isipokuwa watoto. Haboba alimvuta Chai akamlaza kichwa kwenye mapaja yake. Tukamuuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyetupa mbwa hawa wakiwa wadogo: "Haboba, mbwa hawa ulitoa wapi?"

Akatueleza. Nyuma ya uwanja wake kulikuwa na familia ya Kinuer, baba, mama, na watoto. Usiku mmoja wa Desemba 2013 waliondoka kwa miguu kuelekea kambi ya Umoja wa Mataifa, na walichobeba ni watoto tu. Mbwa wao, jike wa rangi ya chai, alibaki langoni. Alikaa hapo siku nyingi. Haboba si wa kabila lao. Alianza kumpelekea asida kila jioni, na majirani wengine wakamwambia aache, watu watamfikiria vibaya. "Niliwaambia, mbwa huyu amelala njaa, hajui kabila la asida." Mbwa yule alizaa, na watoto wake wakazaa. Chai na Askari ni wajukuu wake. Yeye mwenyewe alikufa kwa uzee pale pale langoni.

"Na nyumba yao?" tukauliza.

Mabati yalishaibiwa, alisema, lakini kiwanja kipo. Kila anayekuja kukiulizia, haboba humwambia kina mwenyewe. Ndivyo alivyokilinda miaka yote, kwa mdomo wake tu. Lakini mwaka huu wamekuja wanaume wawili na kamba ya kupimia. Waliondoka, na wakasema watarudi. Haboba alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi ni mzee. Nikifa nani atasema kina mwenyewe?"

Ndugu wasomaji, mnajua kwamba ugomvi wa viwanja Juba ni mwingi. Watu walikimbia, wengine wakaingia, wengine wakauziwa na wasio wenyewe. Asubuhi, tukiwa kwenye mashua ya kurudi, tulikubaliana na haboba kwamba tuandike.

TANGAZO

Kama ninyi ni familia hiyo, au mnaifahamu, popote mlipo, Kakuma, Kalobeyei, Uganda au Ethiopia, habari ni hii. Kiwanja chenu hakijakaliwa. Langoni kulikuwa na mwembe, na bado upo, unazaa. Mbwa wenu alikuwa jike mwenye sikio la kushoto lililochanika. Alikuwa na jina, na haboba analikumbuka. Hatuliandiki hapa kwa makusudi: atakayelitaja ndiye mwenyewe. Tafuteni karatasi za kiwanja, hata nakala au picha ya karatasi, na watu walioshuhudia mlipokipata. Pelekeni jibu kwa wahariri wa barua hii, nao watatufikishia. Msimtume mtu asiyejulikana. Na msichelewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA UKIENDA MTONI NA MBWA

1. Mbwa wachanjwe kichaa kila mwaka. Karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa, asilimia 99, hutokana na kuumwa na mbwa.

2. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha mpeleke hospitali siku ile ile kwa chanjo. Msingoje dalili. Zikianza, karibu hakuna anayepona.

3. Mbwa afungwe karibu na maji, na anyweshwe kwenye chombo, si ukingoni. Ni kwa ajili ya mamba.

4. Usilale kwenye njia iliyokanyagwa inayoshuka mtoni. Hiyo mara nyingi ni ya kiboko. Waulize wenyeji kabla ya kufunga turubai.

5. Maji ya mto yachemshwe. Kipindupindu kilitupiga Juba mwaka 2014, na kikarudi nchini mwaka 2024. Maji yaliyotulia penye matete yana kichocho, watoto wasioge humo.

6. Fuateni njia inayotumika. Mabomu ya ardhini ya vita vya zamani bado hupatikana nje ya miji. Ukiona mawe yaliyopakwa rangi nyekundu au alama ya fuvu, rudi kwa nyayo zako zile zile. Chuma usichokijua usikiguse, na mbwa asikichimbe.

7. Ndoano na chambo viwekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Mbwa hajui tofauti ya chakula na mtego.

Basi, mkituuliza tena kama huku kuna maisha, tutasema: kuna mto, kuna samaki kwa mwenye uzi na subira, kuna mama mzee anayelinda kiwanja cha watu wasio wa kabila lake, na kuna wanaume wawili wenye kamba ya kupimia. Vyote viko Gudele moja. Pimeni wenyewe.

Wasalimieni wote wa block yetu ya zamani. Majibu yenu tunayangoja, hasa lile la jina la mbwa.

Ni sisi wenu, familia ya Gudele.